Mvua na Pipi

Jumamosi, kabla uji haujapoa,
mke wangu hupindua kalenda ya mwaka juzi,
ile ya ushirika wa chai,
na mgongoni mwake mweupe hupiga mistari kwa rula.
Viboksi. Kila kiboksi herufi moja.
Tupokigwe huuma penseli.
Nje Tukuyu inanyesha kama kawaida yake,
haiulizi nani kaanika.

"Ame," asema mama yake. Sauti ianze juu, ishuke:
mvua.
"Ame." Ianze chini, ipande:
pipi.
Mtoto hutaja mvua akitaka pipi.
Mimi nasikia bati tu.
Wananicheka, wote wawili, kwa Kijapani.

Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu
na ina chumba ambacho sina ufunguo wake.

Chizuru alifika na begi moja, kufundisha hesabu sekondari.
Ngeli zilimtesa.
"Kiti wangu amevunjika," aliliambia darasa,
wakacheka mpaka kengele ikalia.
Sasa ni zamu ya binti kuteswa:
mbili ya karatasi si mbili ya mbuzi,
tatu ya penseli si tatu ya vitabu.
"Ni ngeli hizo," nikawaambia, "ila zimehamia kwenye namba."
Siku hiyo walinitazama kama mtu mwenye akili.

Kila mwisho wa mwezi tunavuka Isyonje, baridi ikituuma masikio,
hadi Uyole, kwa akina Shuhei,
ambaye baba yake anatafiti viazi.
Mapacha wa Makambako huja wamechoka,
mmoja katapika.
Watoto wanne.
Hiyo ndiyo Japani yote tuliyo nayo huku.
Wanasoma kitabu kimoja, kopi ya kopi,
hata macho ya sungura yamekuwa madoa.
Saa nne wanaachiwa mpira,
na kutoka uani Kiswahili kinaruka ukuta:
"Pasi! Toa pasi, mchoyo we!"
Mama zao wako dirishani. Hakuna anayesema kitu.
Chizuru humenya chungwa, polepole mno,
ganda lisikatike.

Mwezi wa tano Tupokigwe akagoma.
"Nani atanisikia? Ng'ombe wa bibi?"
Mama yake hakugomba.
Aliikunja kalenda mara nne, akaiweka juu ya kabati,
akatoka kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mama yangu, Subilaga, alikuwa jikoni na ndizi zake.
Akaita. Si Chizuru. Mimi.
"Mwenzio kavuka dunia,
na lugha yake kaibeba kama kaa la moto kigaeni.
Kaungua vidole, hakulitupa.
Wewe hukuvuka hata Kiwira.
Ya kwako umeitia wapi?
Mjukuu wangu namwambia *ugonile*,
ananijibu shikamoo."

Akageuza ndizi. Upande mmoja ulikuwa umeungua.
Nilitaka kusema shule, nilitaka kusema kazi,
nilitaka kusema mji siku hizi.
Nikala ndizi.

Jumamosi iliyofuata kalenda haikushuka.
Wala ile nyingine.

Kisha ikaja Jumatano moja.
Mtoto katoka shule kalowa chapachapa,
kasimama mlangoni anavua viatu, na bila kufikiri,
kama mtu anayepiga chafya:
"Tadaima!"
Nimerudi.
Chizuru alikuwa sokoni.
Nyumba ilikaa kimya, bati likihesabu.
Ndipo kutoka jikoni, sauti nzito, ya moshi,
ya miaka sabini na tatu:
"Okaeli!"
Kwa *l*, maana ulimi wa kwetu hauna ile nyingine.
Kumbe miaka yote hii, ukuta ulikuwa na mwanafunzi.

Tupokigwe alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji yake.
Halafu akauliza, "Bibi, na mvua, nyie mnaiitaje?"
Bibi hakujibu.
Alinitazama mimi.

Nilikuwa na buti moja mkononi, na brashi.
Neno lilikuwepo. Nililisikia likija kwa mbali,
likapanda kifuani, likafika kwenye meno,
likasimama hapo kama mgeni aliyepiga hodi,
asiyejua kama wenyewe bado wanakaa.